Majibu ya Kinyama cha Kongosho: Daraja Si Hatua

Malalamiko yameongezeka kwenye dirisha letu la majibu ya maabara hapa Mwanza, kuhusu kinyama (kipande kidogo kinachotolewa kwa vipimo) cha saratani ya kongosho. Ndugu anatoka Ukerewe, anasoma "daraja la 1" na kurudi kisiwani akiamini ugonjwa umegundulika mapema. Mwingine anaona "daraja la 3", anaamini umeshasambaa, anauza ng'ombe ili apate fedha za mganga. Wote wamekosea, na jambo hili tumelieleza mara nyingi.

Daraja ni sura ya seli chini ya hadubini. Uvimbe wa mifereji ya kongosho ambao zaidi ya asilimia 95 yake bado unaunda tezi ni daraja la 1. Asilimia 50 hadi 95 ni la 2. Chini ya hapo ni la 3, yaani seli zimepoteza umbo na kazi yake ya asili. Hatua ni umbali ambao ugonjwa umefika: mishipa mikubwa ya damu, tezi za limfu, ini. Mgonjwa wa daraja la 1 anaweza kuwa na ini lililokwisha kushambuliwa. Hatua hupimwa kwa CT-scan (picha za eksirei za kompyuta), na kinyama cha sindano peke yake hakiwezi kuionyesha.

Seli hufikaje huko? Kwa kawaida protini za kuchochea ukuaji hushika vipokezi vya seli, seli ikagawanyika, kisha ikatulia. Katika saratani hii, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wana jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) la KRAS lililobadilika, linaloamuru kugawanyika hata bila kichochezi. Ipo pia protini ya TGF-beta, ambayo huzuia seli za kawaida zisizidi. Karibu nusu ya uvimbe huu hupoteza jeni la SMAD4, linalopitisha amri hiyo ya kuzuia. Kizuizi hicho hakifanyi kazi tena, na protini ileile huzisaidia seli kuacha umbo lake na kuhama.

Ndiyo maana tunaomba msinunue chupa za dawa zinazodaiwa "kukata mzizi" wa saratani: hata dawa ya hospitali inayolenga kipokezi kimoja haijafika huko. Dawa ya erlotinib, inayofunga EGFR, kimoja cha vipokezi hivyo vya ukuaji, ilipoongezwa kwenye gemcitabine (dawa ya saratani) ilirefusha maisha kwa takriban wiki mbili tu.

Kwa vituo vinavyotuletea sampuli: kinyama kiingie mara moja kwenye fomalini (maji ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, ujazo wake usipungue mara 10 ya kipande. Spiriti haifai, maji ya chumvi hayafai. Chombo kiwe na jina, namba ya mgonjwa, sehemu kilipotolewa na saa. Fomu iwe na maelezo ya picha na kiwango cha bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) kwenye damu. Chombo kisicho na jina hakipokelewi, hata kama kimevuka ziwa, kwa sababu kukisia ni kumpa mtu ugonjwa wa mwenzake.

Mwenye macho ya njano, mkojo mweusi na choo cheupe, au aliyepata kisukari baada ya miaka 50 huku akikonda bila sababu, asimalizie miezi kwenye mitishamba ya ini. Tumaini la kupona liko kwenye upasuaji, nao hufanyika kabla saratani haijasambaa. Karatasi ya majibu iende kwa daktari pamoja na picha za CT-scan, siku hiyohiyo ikiwezekana.