Je, wajua kwa nini Marekani nesi wa miaka miwili na nesi wa miaka minne wana leseni moja?

Kama una ndugu Marekani hili swali ushalisikia, maana kwenye magrupu ya WhatsApp huwa haliishi: eti kuna koleji unasoma miaka miwili unatoka RN kamili, yaani nesi mwenye leseni kamili, ni kweli au tunapigwa? Ni kweli kabisa. Inaitwa ADN, yaani digrii ndogo ya unesi inayotolewa na vyuo vya jamii, wenyewe wanaviita komyuniti koleji, na akimaliza anavaa beji ileile ya RN kama aliyekaa chuo kikuu miaka minne. Sasa inakuwaje wote wawili wawe sawa mbele ya sheria?

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Zamani unesi Marekani ulisomwa hospitalini, miaka mitatu, mabinti wanaishi bwenini, na ukiolewa mara nyingi ndo basi tena. Tusidanganyane, yale yalikuwa mafunzo nusu na kibarua nusu, mwanafunzi ndo anasafisha, ndo anageuza wagonjwa, ndo anakesha zamu ya usiku, na darasa linakuja muda ukibaki. Ikaja vita ya pili ya dunia, manesi wakawa hawatoshi, serikali mwaka 1943 ikaanzisha mpango wa kuwalipia ada wasichana wasome unesi (Cadet Nurse Corps) na mafunzo yakafupishwa kutoka miezi 36 hadi 30. Walimaliza zaidi ya laki moja. Lakini vita ilipoisha upungufu ukabaki palepale, hospitali mpya zinajengwa huku watu wanaacha kazi.

Ndipo akatokea mama mmoja anaitwa Mildred Montag. Mwaka 1951 alitoa tasnifu yake ya udaktari pale Teachers College, Columbia, New York, akisema hivi: tukiwatoa wanafunzi kwenye kibarua cha wodini tukawapeleka chuoni wasome kweli, miaka miwili inatosha. Mwaka uliofuata wakaanza kujaribu, vyuo saba na hospitali moja, mradi ukaenda hadi 1957. Na milango ikafunguka kwa watu ambao shule za hospitali zilikuwa haziwataki sana, wanawake wenye ndoa na watoto, watu wazima, hata wanaume.

Ila kuna kitu wengi hawakijui. Montag hakuwaza kutengeneza nesi yuleyule kwa bei nafuu! Aliwaza fundi wa unesi, mtu mwenye majukumu machache zaidi, anayefanya kazi chini ya nesi mwenye digrii. Kilichotokea ni kwamba wahitimu wake walikalia mtihani uleule wa leseni ya RN na wakafaulu vizuri tu, na hospitali zilivyokuwa na njaa ya manesi nani angekaa kuwabagua, wakapewa wodi. Basi ikabaki hivyo. Mwaka 1965 chama cha manesi cha Marekani kilisema nesi kamili awe na digrii ya miaka minne, North Dakota wakaja kulifanya kuwa sharti miaka ya 80, na 2003 wakaachana nalo.

Mpaka leo kinachoamua ni mtihani, NCLEX-RN. Unakaa mbele ya kompyuta, muda wa juu masaa matano, maswali kuanzia 85 mpaka 150, na mashine inapima kila unachojibu, ukipata inakuletea gumu zaidi, ikishajiridhisha kwamba unaweza au huwezi inazima (ile kuzima ghafla swali la 85 imewaliza watu wengi waliokuwa wamefaulu). Hakuna sehemu inayokuuliza ulisoma miaka mingapi.

Alafu hiyo miwili yenyewe, jamani, sio miwili. Kabla hujaingia kwenye programu kuna masomo ya kuingilia, anatomia na fiziolojia sehemu mbili, maikrobiolojia, saikolojia, Kiingereza, pengine na kemia, na vyuo vingi vinataka na mtihani wa kujiunga kama TEAS. Kwa mtu anayepiga shifti za CNA (msaidizi wa nesi) usiku akilea wazee na kusoma mchana, hayo peke yake ni mwaka au zaidi. Ukimaliza unaomba nafasi na unaweza kukosa na alama nzuri unazo, kwa sababu mwalimu mmoja wodini anaruhusiwa wanafunzi wachache tu, hospitali nazo zina nafasi chache za kufundishia, na walimu wenyewe ni adimu maana nesi mwenye masters akibaki hospitali mara nyingi analipwa zaidi kuliko akifundisha.

Yule wa miaka minne anaongeza nini sasa? Zaidi ni utafiti, uongozi, afya ya jamii, na yale masomo ya jumla ya chuo kikuu. Kuchoma sindano na kusoma hali ya mgonjwa wote wamefundishwa. Tofauti inauma baadaye kwenye ajira, hospitali kubwa nyingi zinapendelea digrii ya miaka minne na cheo cha umeneja bila hiyo ni kazi, ndo maana wengi wanaanza na ADN, wanapata mshahara, kisha wanamalizia digrii mtandaoni, tena wengine mwajiri anachangia ada. New York walipitisha sheria mwishoni mwa 2017, RN mpya anapewa miaka 10 awe ameshapata hiyo digrii ya miaka minne. Waliokuwa na leseni tayari haikuwagusa.

Na nyie mliosoma diploma ya unesi nyumbani, KMTC ya Kenya au vyuo vya Tanzania, shangazi akikwambia anza upya komyuniti koleji usikimbilie kulipa. Kwanza peleka vyeti vikatathminiwe, fanya mtihani wa Kiingereza, uone bodi ya unesi ya jimbo unalotaka inasemaje. Unaweza kuruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye NCLEX, au ukaambiwa kuna somo limepungua, ukasome hilo tu.