Je, wajua kwa nini lipu ya chokaa huwa ngumu kama jiwe?

Ukiuliza Shangani au Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wengi watakwambia lipu ya chokaa huwa ngumu kwa sababu imekauka. Jibu linaingia akilini: lipu hupakwa mbichi, na baada ya siku chache ukiigusa haina maji. Kweli, kukauka huifanya ishike mwanzoni. Lakini kukauka hakuzai jiwe. Lau ingekuwa hivyo, masika ya kwanza tu yangeilainisha tena, na kuta za Mji Mkongwe zisingefika leo.

Chokaa huanzia kwenye mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Yakipangwa kwenye tanuu na magogo, moto ukakaribia nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe. Kwa hesabu ya darasani, kilo 100 za kalsiamu kaboneti hupoteza kilo 44 za hewa ukaa, zikabaki kilo 56 za kalsiamu oksaidi. (Hiyo ni kaboneti safi, jiwe la kweli lina uchafu wake, kwa hiyo tanuuni namba hupungua kidogo.) Kilo 56 hizo zikimwagiwa maji huchemka na kufuka mvuke, hushika kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za kalsiamu haidroksaidi. Hiyo ndiyo chokaa anayoichanganya fundi na mchanga.

Ukutani, kilo 74 hizo huvuta kilo 44 za hewa ukaa kutoka hewani, zikarudi kuwa kilo 100 za kalsiamu kaboneti na kuachia kilo 18 za maji. Yaani ukuta hutoa maji huku ukiwa mgumu! Mwanafunzi aliyepuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa yakawa meupe kama maziwa ameuona mmenyuko huohuo.

Mbona darasani ni dakika, ukutani ni miezi? Hewa ukaa ni kama sehemu 4 tu katika kila 10,000 za hewa tunayovuta. Fikiria jahazi linalopakiwa shehena kwa kihori kimoja. Tena kihori chenyewe kinataka maji: hewa ukaa lazima iyeyuke kwenye unyevu uliomo ndani ya vitundu vya lipu ndipo ikutane na chokaa. Maji yakipwa, kihori hukaa mchangani na upakiaji husimama, hata shehena iwe tele ufukweni. Ndivyo lipu iliyokaushwa haraka na jua inavyobaki ungaunga, ukiipangusa inakuja na kiganja. Vitundu vikijaa maji kabisa nako ni shida, hewa haipati pa kupita. Kwa hiyo fundi mzoefu hufunika lipu mpya kwa magunia yaliyoloweshwa, au huinyunyizia maji kidogo kidogo.

Kazi huanzia nje kwenda ndani. Vunja kipande cha lipu changa, kidondoshee fenolfthalini, kiashiria cha maabara kinachogeuka waridi kwenye alkali: kiini hugeuka waridi kwa sababu bado kina kalsiamu haidroksaidi, ukingo hubaki bila rangi. Mpaka kati ya sehemu hizo unauona kwa macho. Kwenye lipu nyembamba mpaka huo husogea hadi mwisho kwa wiki au miezi, kutegemea unyevu. Ndani ya ukuta mnene huchukua miaka.

Basi usiharakishe kupaka rangi ya mafuta. Huziba vitundu, na chokaa iliyobaki ndani huyashambulia mafuta hayo mpaka rangi ibanduke.