Knole: wale si swala, wala nyumba haikuanza na ukoo wa Sackville

Ukiona picha za Knole, kasri la mawe huko Sevenoaks, Kent, macho huvutwa na wanyama wanaokula majani karibu kabisa na lango. Wengi wetu husema, "Swala hao!" Sivyo. Ni ayala, yule yule wa Zaburi ya 42, ambaye jamii yake haina asili kusini mwa Sahara. Mwangalie kichwani. Pembe za swala ni za maisha. Za ayala dume hudondoka kila mwaka, zikaota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli. Zikikomaa, huzisugua kwenye miti hadi ngozi ile ining'inie vipande vipande, ina damu.

Basi hawa wa Knole ni wa asili ya Uingereza? Hapana. Aina moja ililetwa na Wanormani, walioiteka Uingereza kutoka Ufaransa, karne ya 11. Nyingine, sika, ni ya Japani. Wala hawakufugwa ili kupamba mandhari tu: eneo lao lenye uzio lilikuwa ghala la nyama ya wakubwa, na paja la ayala lilikuwa zawadi ya heshima.

Msitu unaoizunguka nyumba nao si wa kale kama unavyodhaniwa. Dhoruba ya Oktoba 1987 iliangusha sehemu kubwa ya miti yake kwa usiku mmoja.

Kuna wanaosema kasri lina vyumba 365, ngazi 52 na nyua 7, kufuata kalenda. Hadithi tamu, ila nyumba iliyoongezwa na kubadilishwa na watu tofauti kwa vizazi siamini iliwahi kupangwa hivyo.

Si mali ya serikali pia. Tangu miaka ya 1940 nyumba iko chini ya National Trust, shirika la hisani, na ukoo wa Sackville bado unaishi upande mmoja.

Ukoo huo ndio hudhaniwa kuwa waanzilishi. Kumbe uliingia mwanzoni mwa karne ya 17. Aliyenunua mahali hapo mwaka 1456 na kujenga ni Thomas Bourchier, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII akapatamani. Askofu Mkuu wa wakati huo, Cranmer, aliyekuwa na Knole, akajaribu kumkwepa: Knole ni padogo mno kwa mfalme, afadhali Otford, kasri lake jingine la jirani. Mfalme akajibu kwamba Otford ni bondeni, kuna unyevu. Yeye atakaa Knole, na watu wake wengi watakaa Otford. Akachukua zote mbili.