Ngozi Huuza Daftari la Kwanza, Karatasi Huuza la Pili

Mteja akilishika daftari la ngozi kwa mara ya kwanza, hulinusa, hulipapasa, hukunja jalada mara mbili tatu, kisha huuliza bei. Karatasi haziangalii. Siku chache baadaye, akiwa ameketi na kalamu yake, jalada limeshalala juu ya meza na halimshughulishi tena. Kilichopo mbele yake ni ukurasa: unatulia, au unajifunga kila anapoinua mkono? Wino unakaa mahali pake, au unatokeza upande wa pili? Hapo ndipo anapoamua kama atarudi kwako.

Kazi yangu ni kujalidi madaftari kwa mkono na kuyauza. Wanaoanza huniuliza karibu kila mara kuhusu ngozi: ya mnyama gani, unene gani, rangi gani. Nitafika huko, ila leo naanzia ndani, kwa sababu ndani ndiko kunakoharibika madaftari mengi mazuri.

Karatasi ina mkondo. Inapotengenezwa kiwandani, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mashine inakokwenda, kwa hiyo karatasi hukubali kukunjwa upande mmoja na hukaidi upande mwingine. Katika daftari, mkondo huo unatakiwa uende sambamba na mgongo, toka juu kwenda chini. Ukiulaza kinyume, kurasa hukakamaa na kusimama wima daftari linapofunguliwa. Kuna na jambo la unyevu: nyuzi zikinyonya maji hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, na hivyo karatasi hupanuka kukata mkondo wake. Ukipaka gundi mgongoni hali mkondo umekatiza, karatasi hukosa pa kwenda na hujikunja mawimbi ambayo hakuna uzito utakaoyanyoosha.

Sasa tatizo lenyewe. Karatasi ya kawaida ya ofisini ya A4, yaani milimita 210 kwa 297, kwa kawaida ina mkondo unaofuata urefu wake. Ukiikunja katikati upate A5, mkunjo unapita kwenye upande wa milimita 210, na hapo umeshaukata mkondo. Dawa ni kununua A3 yenye mkondo wa urefu na kuikata katikati. Utapata A4 mbili zenye mkondo wa upande mfupi, na ukizikunja kila kitu kinakaa sawa. Kuujua mkondo hakuhitaji kifaa: pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Inakopinda bila ubishi, ndiko mkondo unakolala sambamba na mpindo. Ukiwa bado na shaka, ichane. Mchano unaofuata mkondo hunyooka, unaoukata hupotoka.

Kuhusu uzito, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba inafaa kwa kalamu ya kawaida, lakini mtu mwenye kalamu ya wino wa maji atakulalamikia. Mimi napendelea gramu 100 hadi 120 kwa madaftari ya kuandikia. Ila uzito peke yake hausemi yote, kwani zipo karatasi nene zinazonyonya wino vibaya kuliko nyembamba zilizotiwa dawa ya kuuzuia usisambae. Kabla ya kununua nyingi, andika juu ya kipande kwa kila aina ya kalamu uliyonayo, acha mpaka kesho, kisha kigeuze utazame upande wake wa pili. Anayetaka kuchora kwa rangi za maji mweleze mapema kwamba anahitaji daftari jingine kabisa.

Jambo jingine ambalo mteja haulizi, na wewe unapaswa kulijua: asidi. Vitabu vingi vya mwisho wa karne ya 19 vimegeuka manjano na kukatika vikiguswa kwa sababu karatasi yake ilitengenezwa kwa massa ya mbao, yaani mbao zilizosagwa zikawa rojo, na kutiwa shabu, vitu vinavyoacha asidi ndani. Mtu anayeandika habari za mtoto wake anategemea kwamba mtoto huyo atakuja kuzisoma. Tafuta karatasi isiyo na asidi. Iliyokidhi ISO 9706, kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ni nzuri zaidi, maana ina chokaa ya akiba inayoimeza asidi itakayoingia baadaye.

Karatasi hukunjwa kwa mafungu. Nne zikikunjwa pamoja hutoa fungu la kurasa 16, na mafungu manane hufanya daftari la kurasa 128, ukubwa ambao watu wengi huumaliza. Ukizidisha karatasi katika fungu, za ndani hutokeza mbele kuliko za nje na ukingo unakuwa wa mteremko. Ukizipunguza mno, mafungu yanakuwa mengi, na kwa kuwa kila fungu hubeba uzi wake, mgongo unavimba kuliko ukingo wa mbele na daftari halifungi. Kwa hiyo unene wa uzi huchaguliwa kwa kuhesabu mafungu: machache yanavumilia uzi mnene, mengi yanataka mwembamba. Uzi wenyewe uwe wa kitani, uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili usisokotane na ili fundo lisiteleze.

Matundu toboa kutoka ndani ya mkunjo, kwa kigezo kimoja kwa mafungu yote, kisha shona kwa sindano butu. Sindano kali hutoboa uzi uliokwisha kupita, na ukija kuukaza hautembei tena. Ukivuta uzi, uvute kuelekea unakoshona, sambamba na mgongo. Ukiuvuta kwenda juu utapasua tundu, na tundu lililopasuka katika mkunjo halina tiba ya haraka.

Mshono ninaoupenda kwa daftari la ngozi laini ni ule mrefu, ambapo mafungu hushonwa moja kwa moja kwenye ngozi na nyuzi huonekana nje ya mgongo. Hauhitaji gundi, na kwa sababu hiyo daftari hufunguka likalala bapa kabisa. Wateja huudhani ni urembo wa siku hizi. Kujalidi kwa ngozi laini bila mbao ni jambo la kale sana. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi huko Misri ya Juu, vilipatikana vitabu 13 vya mafunjo vya karne ya 4, vingi vikiwa vimevikwa ngozi yenye ulimi wa kufunikia na kamba za kufungia. Anayetazama picha zake atadhani ni bidhaa ya sokoni wiki hii. Ngozi hizo zilitiwa ndani mabaki ya mafunjo yaliyokwisha kutumika ili ziwe ngumu, barua na hati za watu, na baadhi yake zina tarehe zilizowasaidia wataalamu kukadiria umri wa majalada. Mshono wa Kikopti, yaani wa Wakristo wa kale wa Misri, ambao hufungamanisha mafungu kwa vitanzi mgongoni, nao una ushahidi wake: Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha Uingereza kilichoshonwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 8, bado kimo ndani ya jalada lake la awali la ngozi nyekundu ya mbuzi. Mwaka 2012 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilikinunua kwa pauni milioni 9. Huwataja hao wazee kila mtu anaponiambia kwamba bila gundi daftari halidumu.

Haya, ngozi.

Kinachotofautisha ngozi kwa kazi hii kuliko mnyama ni jinsi ilivyosindikwa. Iliyosindikwa kwa magome na majani yenye tanini, dawa ya mimea inayoizuia ngozi isioze, ni ngumu kiasi, hushika umbo, hukolea rangi kadiri inavyoshikwa na kuona jua, na ikiloweshwa kidogo hupokea muhuri wa herufi ukabaki. Iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromi, njia iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 19, ni laini, huja kwa rangi nyingi, huvumilia maji zaidi, lakini muhuri wa kugandamiza baridi hufifia juu yake. Kama unakusudia kuandika majina ya wateja kwenye majalada, na utakusudia kwa sababu majina huuza, swali limejijibu. Ngozi ya asili isiyopakwa kitu unaweza kuitambua kwa tone la maji: ya magome hulinyonya na kuacha doa jeusi kidogo linalopotea ikikauka.

Angalizo moja kwa wenye ngozi ya magome: chuma na maji visikutane juu yake. Chembe ya chuma kutoka kwenye kisu au rula ikikuta tanini na unyevu hutoa doa la buluu iliyoiva kuelekea weusi. Ni kemia ileile waliyoitumia waandishi wa zamani kutengeneza wino kwa chuma na tanini. Doa bichi hufifia ukilipitishia maji ya limau kidogo.

Ukubali pia kwamba ngozi moja si ngozi moja. Ya mgongoni imeshikamana na hainyooki ovyo, ya tumboni inavutika na kulegea. Kata majalada mgongoni, vitanzi vya kalamu na alama za kusomea kata pembeni. Kwa mshono mrefu ngozi ya milimita 2 hivi hutosha kubeba uzi bila kuchanika. Chini ya hapo, bandika kipande cha ngozi kwa ndani mahali pa mgongo kabla ya kutoboa. Kwa jalada gumu la kubandikwa juu ya kadibodi mambo ni kinyume: ngozi iwe nyembamba, na kingo zake zipunguzwe kwa kisu mpaka zikunjike bila kufanya tuta. Kisu kikiwa butu utaipasua, hilo tu.

Nina neno kuhusu maneno. "Ngozi halisi" kwenye lebo haisemi ubora wowote. Hata ile tabaka ya ndani iliyopakwa plastiki huitwa hivyo, na vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi nalo huuzwa likiwa na neno ngozi mbele yake. Andika unachokiuza: ya mnyama gani, imesindikwaje, uso wake umeachwa kama ulivyo au umesuguliwa. Taja makovu pia, mikwaruzo ya miiba na mishipa inayoonekana, na uyaoneshe kwenye picha. Mteja aliyeyaona kabla huyaita tabia ya ngozi. Aliyeyakuta kwenye kifurushi huyaita kasoro, na ana haki.

Kwenye bei ndiko mafundi wengi wanajiumiza. Vifaa huwa sehemu ndogo. Kinacholiwa ni saa, hasa za kushona, ambazo hazipungui hata ukitengeneza kwa wingi. Kukata, kukunja na kutoboa kwa mkupuo kunakuokolea muda, lakini kila daftari bado litapita mikononi mwako fungu kwa fungu. Pima muda kwa saa ya ukutani, ujumuishe na kupiga picha, kujibu ujumbe na kufungasha, kisha ongeza ngozi iliyobaki vipande visivyotumika.

Ukiuza kupitia duka, hesabu ina mtego. Tuseme unahitaji 60 mkononi na duka linachukua asilimia 40 ya bei. Wengi huongeza asilimia 40 juu ya 60 na kuweka 84. Duka likikata lake, linabeba 33.6 na kukuachia 50.4. Bei sahihi ni 100, maana 60 inagawanywa kwa 0.6. Kama 100 ni kubwa kwa soko lako, usijipunje ili duka lisimame. Tengeneza daftari rahisi zaidi kwa ajili ya duka, na lile la mshono mrefu uliuze mwenyewe. Na bei yako ya moja kwa moja isiwe chini ya ya dukani, la sivyo mwenye duka atakuwa anakuoneshea bidhaa bure.

Watu wengi huogopa kuandika kwenye daftari zuri. Wananunua, wanaliweka rafuni, na kwa kuwa halijai hawahitaji la pili. Ndiyo maana, ingawa moyo wangu uko kwenye daftari lililoshonwa moja kwa moja, nauza pia majalada yenye kamba za mpira ndani, ambayo mteja huchomeka vijitabu vyembamba na kuvibadilisha vikijaa. Kijitabu cha kurasa 48 hakimtishi mtu. Jalada zuri hudumu kuliko vijitabu vingi, na kila kijitabu kipya ni sababu ya mteja kukuandikia tena.

Picha ya jalada lililofungwa kila muuzaji anayo. Piga lililofunguliwa katikati, limelala bapa, na mkono ukiandika, ili ukubwa na ulaini vionekane kwa pamoja. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni huibua uso wa ngozi vizuri kuliko taa ya juu. Weka vipimo vya ukurasa, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi na kalamu ulizozijaribu.

Kwa oda za majina, pokea malipo ya awali yanayofidia ngozi, kwa sababu jalada lenye jina la mtu halina mnunuzi mwingine. Jina mwenyewe aliandike kwenye ujumbe, herufi kwa herufi, wala usilipokee kwa simu. Kabla ya kugandamiza kwenye jalada, piga herufi zote juu ya kipande cha ngozi ileile, mtumie picha, na usiguse jalada mpaka ajibu.