Je, wajua kwa nini tulibaki na patula na kuuacha msonobari wa radiata?

Ukitoka Eldoret kuelekea Webuye kwa barabara ya Turbo, utapita kando ya misonobari iliyopandwa kwa mistari, na jina lake ni patula, mti ambao asili yake ni Mexico. Zamani ndugu yake, radiata, ambao kwao ni pwani ya California, ulipandwa pia katika nyanda za juu za Kenya, lakini katika miaka ya 1960 upanzi wake ulisimamishwa.

Ukivuta tawi karibu, usijisumbue kuhesabu majani, kwa maana miti yote miwili kwa kawaida hutoa majani matatu matatu kutoka kifundo kimoja. Tazama yanavyokaa. Ya patula ni marefu na laini, nayo huning'inia kama nywele zilizochanwa, ilhali ya radiata ni mafupi zaidi, yenye kijani kilichokolea, na hayalegei hivyo. Gome la patula kuelekea juu ya shina lina rangi ya chungwa na hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. La radiata ni zito, la kijivu, lenye mifereji.

Kilichouondoa radiata ni kuvu iitwayo Dothistroma. Tone la mvua likigonga jani lenye ugonjwa hurusha mbegu za kuvu hadi majani ya jirani, na jani likikaa limelowa kwa muda mrefu, kuvu hupenya ndani kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Baadaye jani hutokewa na mikanda myekundu kama kutu, ncha hukauka huku kitako kikiwa bado kibichi, kisha hudondoka. Mti uliopukutika hivyo hukosa majani ya kujitengenezea chakula, ukadumaa au ukafa.

Kule California mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hupita pakavu. Huku kwetu mvua ya Machi hadi Septemba huja na joto la wastani, hali inayoifaa kuvu hii kabisa. Patula huistahimili.

New Zealand bado hutegemea radiata, ikinyunyizia misitu michanga dawa ya shaba kwa ndege. Nionavyo, Kenya ilifanya vyema kuchagua mti usiohitaji gharama hiyo, na ni patula wa Turbo uliopandwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi miaka ya 1970.