Upande Asiouona Opereta wa Eskaveta

Wengi wanaofanya kazi za ujenzi hapa Uganda huogopa ndoo ya eskaveta yenye meno, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ikichimba. Sisi wakaguzi wa usalama kazini huhofia zaidi nyuma ya mtambo. Huko ndiko kulikofungwa chuma kizito kinachouzuia usipinduke unapoinua mzigo. Katika eskaveta ya tani 20, chuma hicho huwa na uzito wa takriban tani 4. Mtambo ukijizungusha mahali pale pale ulipo, kwa kawaida king'ora chake hakilii, kwa sababu minyororo yake ya kutembelea haijasogea.

Katika ukaguzi mmoja nilimwona kibarua akipima kina cha mtaro. Futi ilimponyoka, akainama kuiokota kati ya mtambo na ukuta. Opereta, ambaye huketi upande wa kushoto huku mkono wa mtambo ukimzibia upande wa kulia, aligeuka ili amwage udongo kwenye lori. Kibarua yule aliokolewa na ukelele wa mwenzake wa toroli: aliruka, na chuma kikaukwaruza ukuta usawa wa kifua chake.

Kwa hiyo eneo lote ambalo mtambo unaweza kulifikia unapozunguka lizungushiwe uzio, na pale ambapo nafasi kati ya chuma hicho na ukuta haifiki nusu mita, mtu asipite kabisa. Anayelazimika kuukaribia mtambo asubiri mpaka opereta amtazame, aishushe ndoo chini na kuachia leva zote za kuendeshea mtambo. Mtoa ishara awe mmoja tu. Vibarua wetu huzungumza Kiganda, Kiacholi, Kilugbara na lugha nyingine nyingi, na injini ikinguruma hakuna lugha inayosikika, hivyo ishara za mikono zikubaliwe kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Hata hivyo, anayelipwa kwa siku huhofia kwamba akikataa, kesho hataitwa tena, na hofu hiyo nimeikuta mara nyingi mno. Ndiyo maana mzigo huu tunamtwika kwanza msimamizi: ausimamishe mtambo yeye mwenyewe, ahakikishe injini imezimwa, ndipo amtume mtu mtaroni na futi.