Eti baridi inaua haibridi ya kuchaji? Ya kijiweni na ya kweli

Sisi Tanga baridi yetu ni upepo wa kusi ukipiga Raskazone basi, anayetaka kutetemeka apande Lushoto, lakini kaa kijiweni Ngamiani uone, kila mtu fundi wa theluji kisa ana ndugu Norwei au Kanada anayemtumia voisi kuhusu haibridi yake ya kuchomeka kwenye umeme, yani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri ya kuchaji. Mengi yanayosemwa siyo.

Linaloongoza: ukiwasha hita, injini ikanguruma na betri imejaa, eti betri imekufa. Hapana bwana. Injini ya petroli inamwaga joto jingi bure na maji yake ndo yanapasha ndani ya gari, mota ya umeme haina joto la kugawa hivyo. Toyota Prius ya kuchaji ya kwanza, ile ya 2012, inategemea joto la injini, ukitaka moto lazima iwake. Iliyokuja baadae wakaiwekea mtambo kama friji iliyogeuzwa, unavuta joto toka hewa ya nje, ila baridi ikizidi kama nyuzi 10 chini ya sifuri injini inaitwa kusaidia. Yani imetengenezwa hivyo, usimpe fundi hela yako.

Eti kilomita unazokwenda kwa umeme zikipungua kwenye baridi ndo zimeondoka moja kwa moja. Betri ikipoa kemia yake inakuwa nzito, inatoa umeme kwa shida, ikipata joto inarudi kama kawa. Mlaji mkubwa ni hita. Piga hesabu, betri ya kilowati-saa 12 (kWh), hita ikila kilowati 3 kwa saa nzima, robo imekwenda na bado uko foleni. Ndo maana wajanja wa huko wanapasha gari moto likiwa bado kwenye plagi, umeme unatoka ukutani.

Kwenye kuchaji kuna ukweli nusu. Betri ya lithiamu ikilazimishwa chaji chini ya sifuri, lithiamu inajipaka juu ya upande hasi badala ya kuingia ndani, na nyingine hairudi tena, hapo umeiua kweli. Lakini gari lina kompyuta inayobana chaji, na mengine yanaipasha betri kwanza, kwahiyo ukiona chaji inakwenda kinyonga usilaumu umeme wa mtaa, gari linajilinda. Ni bora kuchomeka ukifika tu, betri ikiwa bado ina joto la safari. Kisa hichohicho breki za kurudisha umeme, zile zinazochaji betri ukipunguza mwendo, zinalegea asubuhi, betri baridi haipokei, breki za kawaida zinashika kazi.

Theluji kwenye plagi kukupiga shoti? Soketi haipewi umeme mpaka gari na chaja zielewane. Ogopa ekstenshen ya bei chee, hiyo inayeyuka hata Chumbageni.

Na nyie mnaosema gari likifika Tanga limepona, hapo mnanichekesha, joto ndo linazeesha betri haraka, hasa ikijazwa full ikaachwa juani. Anayeagiza ya mkononi toka Hokkaido, Japani, aingie uvunguni kwanza kuangalia kutu, barabara za theluji zinamwagiwa chumvi, na kama imekuja na tairi za theluji abadili, mpira wake laini unaisha upesi kwenye lami yetu ya moto.